Kompyuta Iliyozima Kila Nikiondoka

Wekeni bisibisi chini kwanza. Najua mkono unawawasha, na najua mteja amesimama hapo mlangoni anawaangalia kama madaktari, lakini wekeni chini. Mimi nimefungua mashine za watu wa Kitui tangu wakati wa redio za betri mpaka wakati wa kompyuta, na nikipiga hesabu ya moyoni naona nyingi kati ya hizo hazikuhitaji kufunguliwa. Zilihitaji mtu wa kuuliza zinaishi vipi huko nyumbani kwao.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Nzioka, mzee mfupi mwenye hasira, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Kitui. Alikuwa anapima betri kwa ulimi. Ikiwa na nguvu, nyusi zinaruka. Ikiwa imekufa, anatema mate chini na mteja anajua habari yake bila kuambiwa. Mimi nilitaka kumshinda mwalimu wangu, nikajaribu ulimi kwa waya mbili za betri ya gari. Siku hiyo yote niliongea kama mtoto anayeota meno, na Nzioka alikuwa anaita majirani waje wanisalimie ndio wasikie nikijibu. Msijaribu hiyo.

Kuna mzee mmoja wa Kyuso, Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo ambaye watu wake walitoka kaskazini mashariki. Alileta redio iliyokuwa inanyamaza kila jioni taarifa ya habari ikianza. Kwa meza yetu redio iliimba kutwa. Akaenda nayo, akarudi nayo, akaenda, akarudi. Mwishowe Nzioka akaniambia, "Wewe, enda Kyuso ukalale huko. Hii redio haigonjekei hapa Kitui." Nikaenda. Mzee Abdi alinikaribisha vizuri sana, chai ya maziwa na tangawizi, tukakaa tukiingoja redio igonjeke. Jioni mbuzi wakarudi. Ule waya wa kunasa mawimbi alikuwa ameufunga kwa ua wa boma, na kila mbuzi aliyeingia alijikuna ubavu hapo hapo. Habari ikaanza, mbuzi wakajikuna, redio ikanyamaza.

Mzee Abdi aliwaangalia mbuzi wake kwa muda. "Kumbe ni hizi ndiyo hazitaki siasa," akasema.

Tuliuhamisha waya ukapanda juu ya paa, basi, kazi ikaisha. Funzo hilo nililipata nikiwa kijana na kiuno chembamba. Sasa sikilizeni vile lilinitoka kichwani nikiwa fundi mzima, mwenye kibanda chake, bibi, na kitambi.

Kompyuta zilipoanza kufika kwetu miaka ya tisini, watu waliziogopa vile mtu anaogopa chumba cha upasuaji. Ofisi ikiwa na kompyuta, viatu vinabaki mlangoni. Mapazia yanafungwa. Unaingia polepole kwa soksi, unapumua kwa adabu. Mimi mara ya kwanza kuitwa kutengeneza moja nilivaa suti ya harusi yangu, nikavua viatu mbele ya meneja na makarani wake wote, na kidole gumba changu cha mguu kikatoka kwa soksi kuwasalimia. Tangu siku hiyo nilinunua soksi mpya kabla ya kununua kifaa chochote kipya. Na sheria kubwa ya wakati huo, ambayo kila mtu aliijua hata kama hajawahi kuona kompyuta, ilikuwa moja: vumbi ni adui. Nami nilikuwa naisema kila mahali. Vumbi, vumbi, vumbi. Kitui kiangazi, na mimi nawaambia watu waepuke vumbi.

Haya. Mama mkwe wangu, Mama Kyalo, alikuwa karani wa kupiga taipu katika shule moja mpaka alipostaafu. Mjane, nyumba yake ya mabati iko nje kidogo ya mji, shamba la mbaazi mbele na posho mili ya jirani ya kusaga mahindi upande wa pili. Vidole vyake vilikuwa na kasi ya mvua ya mawe. Mwanawe mkubwa, Kyalo, alikuwa anafanya kazi Nairobi, na ofisi yao ilipopata mashine mpya yeye alinunua moja ya zile kuukuu pamoja na printa yake, akamletea mamake. Lakini aliileta na masharti.

"Mama," alisema, "hii ni ya kukusaidia upate kazi ndogo ndogo. Ukiona haiendi, usijisumbue. Nakuja na pickup, tunabeba vitu, unakaa na sisi Nairobi. Sitaki uwe unakaa hapa peke yako."

Mama Kyalo alikuwa amewahi kukaa Nairobi, wakati mjukuu alizaliwa. Alirudi amekonda. Alisema huko kuku ananunuliwa akiwa ameshakufa na jirani anakusalimia kwa nyusi. Hakutaka kurudi huko hata kidogo. Kwa hivyo ile kompyuta haikuwa kompyuta, ilikuwa ndiyo nyumba yake, shamba lake la mbaazi, kiti chake kanisani. Na kwa muda mambo yalienda vizuri: programu za harusi, barua za kikundi cha akina mama, risala za harambee. Halafu sekondari moja ya jirani ikaanza kumpa kazi ya mitihani, kupiga kutwa nzima, na hapo ndipo mashine ikaanza kuzima.

Inazima tu. Yuko katikati ya swali la kumi na mbili, skrini inakuwa nyeusi, na kila kitu alichoandika bila kusevu kinaenda. Akijaribu kuiwasha, inakataa. Akienda kupika chai akirudi, inawaka kama hakuna kilichotokea. Anapiga tena, inazima tena. Mama wa watu analia na kupika chai, analia na kupika chai.

Sasa fundi wa kuitwa ni nani? Ni mimi, mkwe. Na hapo ndipo shida yenyewe ilikuwa, kwa sababu sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamkai chumba kimoja, hampeani mkono, hamli pamoja, na mkikutana kwa njia nyembamba mmoja wenu anakumbuka ana shughuli kichakani. Siku hizi naona mnapiga picha na mama mkwe mmekumbatiana, mnacheka meno yote nje. Siwalaumu, dunia imezunguka. Lakini mimi nilikuwa nimeoa Syombua miaka mingi na sikuwa nimewahi kumwona mama yake usoni vizuri. Ningekutana naye Mombasa ningempita.

Kwa hivyo utaratibu ulikuwa hivi. Mashine ikizima, Mama Kyalo anamtumia Syombua habari. Syombua ananiambia mimi. Mimi naenda, na kabla sijafika Mama Kyalo anapanga meza, anatoa vitu vyake vyote vya kike machoni, anafungua mlango na kwenda kwa jirani. Naingia nyumba tupu, safi, nimewekewa soda na mkate chini ya sahani. Naiwasha mashine. Inafanya kazi.

Nikakaa nayo mpaka soda ikaisha. Inafanya kazi. Nikaandika jina langu, jina la bibi yangu, majina ya watoto, mpaka nikaishiwa na ukoo. Inafanya kazi tu. Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikafunga. Nikamwambia Syombua, "Mwambie mama ni vumbi. Achunge vumbi sana."

Kesho yake ikazima, tena ikazima mapema kuliko vile ilikuwa inazima.

Nikasema ni feni. Mliosomea hii kazi mnajua: ndani ya sanduku la kompyuta kuna pawa saplai, na ile ikipata joto jingi inajizima yenyewe ili isiungue, halafu ikipoa inakubali tena. Chai moja inatosha kupoa. Kwa hivyo nilijua kabisa ni joto. Msidhani mimi nilikuwa mjinga wa kila kitu. Nikaenda nikabadilisha feni, soda nyingine, mkate mwingine, mashine inavuma vizuri kabisa. Nikasema, "Mwambie mama feni ni mpya, lakini vumbi likiingia tena tutarudi hapo hapo. Achunge vumbi."

Ikazima mapema zaidi.

Nikasema ni posho mili ya jirani. Kweli, posho mili ikiwaka hata taa ya Mama Kyalo inasinzia. Nikaenda kuongea na mwenye posho mili, mzee Mulwa, nikamweleza habari ya stima mpaka akanishika mkono kwa huruma. "Mkwe," akaniambia, "mimi nasaga asubuhi. Hiyo kitu inazima hata jioni. Ama unga yangu inarudi nyuma?" Nikaweka stabilaiza hata hivyo, maana nilikuwa nimeshaibeba. Nikaacha maagizo ya vumbi kama kawaida yangu.

Ikazima hata kabla ya ukurasa kuisha.

Hapo nikaipakia, nikaipeleka kibandani kwangu. Niliiwasha asubuhi, ikakaa imewaka mpaka jioni, nikacheza nayo michezo ya karata, ikanishinda mara nyingi bila kuonyesha dalili ya uchovu. Nikairudisha. Ikazima siku ile ile. Jamani, nilianza kuichukia. Nilianza hata kufikiria kwamba inanijua. Na huko mjini nako watu walikuwa wameanza: nikipita sokoni mtu anauliza, "Fundi, ya mama mkwe imepona?" na wenzake wanageuka kuangalia nyanya kwa bidii ili nisiwaone wakicheka.

Lakini kicheko kiliisha siku Syombua alirudi kutoka kwa mamake amevimba macho. Mwalimu mkuu wa ile sekondari alikuwa amesema karatasi za mtihani wa majaribio azipate Ijumaa mchana, ama kazi aipeleke kwa ofisi ya chapa ya mjini na isirudi tena. Na Kyalo alikuwa amesikia. Alikuwa anakuja Jumamosi na pickup.

"Mama ameanza kugawa kuku," Syombua akasema. Alikaa jikoni akichambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa, na mimi roho ikaniuma kweli kweli, kwa sababu nilijua mtu akigawa kuku amekubali kuhama.

Nilienda kwa Nzioka. Alikuwa ameshaacha kazi, anakaa nje ya nyumba yake na redio tatu zote zimefunguliwa migongo. Nikamweleza kila kitu: feni, stima, stabilaiza, karata. Akanisikiliza huku akilamba betri.

"Umewahi kuiona ikizima?" akaniuliza.

"Mimi?"

"Hapana, mimi. Eh, wewe. Kwa macho yako."

Nikafikiri. Sikuwa nimewahi. Hata siku moja. Ile kompyuta ilikuwa inazima akiwapo Mama Kyalo, na akiwapo Mama Kyalo mimi siwezi kuwapo. Nikamwambia hivyo, nthoni, unajua mzee. Akatema mate. Betri ilikuwa imekufa, lakini nilihisi yale mate yalikuwa na sehemu yangu.

"Nyumba haina dirisha?" akasema.

Basi tukapanga iwe Ijumaa asubuhi. Syombua alikuwa na darasa la kufundisha, hangeweza kuja, lakini alikuwa amempelekea mamake ujumbe Alhamisi jioni: Mama apige kazi yake kama kawaida, fundi atakaa nje chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, uso kwa mbaazi. Hakuna kuonana. Heshima si utumwa, na dirisha si mlango. Nilifika, nikakohoa mara mbili kwa mbali ili ajue ni mimi, nikageuza debe, nikalikalia. Ndani nikasikia kiti kikivutwa na vidole vikaanza. Mungu wangu, huyo mama alikuwa anajua kazi. Kibodi ililia kama mahindi yanayopurwa.

Shida ya kwanza ikatokea hapo hapo. Nilitaka kuuliza kitu, na Syombua hayuko. Mkwe hawezi kumpigia mama mkwe maneno moja kwa moja namna hiyo, kuna adabu yake. Halafu nikasikia sauti yake, ambayo nilikuwa naisikia kwa mbali tu kila mwaka kanisani.

"Paka," alisema, "mwambie fundi bado inaendelea."

Nikaangalia juu. Kwa kizingiti cha dirisha kulikuwa na paka wa kijivu amelala, nusu ndani, nusu nje. Mwenye akili ni mwenye akili. Nikamshukuru Mungu kwa mama mkwe wa namna hiyo.

"Paka," nikasema, "mwambie mwenye nyumba asante, asevu kila aya."

"Paka, mwambie fundi hiyo nilishajifunza kwa machozi."

Tukaendelea hivyo. Paka alikuwa anafungua jicho moja kila akitajwa. Jua likapanda. Nikahesabu mbaazi, nikafukuza kuku, nikaanza kusinzia. Halafu mlio wa vidole ukakatika ghafla.

"Paka, mwambie fundi imelala."

Niliruka kutoka kwa debe, nikakumbuka, nikakaa tena, uso kwa mbaazi. "Paka, muulize mwenye nyumba kama taa ya chumba iko."

"Taa iko."

"Feni ya nyuma?"

"Imenyamaza."

"Aguse sanduku kwa mkono."

Nikasikia anavuta mkono kwa haraka. "Paka, mwambie fundi ni moto kama kikaango cha chapati."

Na hapo upepo ukapita ndani ya nyumba ukatokea dirishani, na ukaniletea harufu. Niliijua hiyo harufu. Ni ya kitambaa kikipigwa pasi ya makaa, kile kitambaa kikishapata moto lakini hakijaungua. Nikashangaa.

"Paka, muulize mwenye nyumba, kuna mtu anapiga pasi?"

"Hakuna pasi hapa."

"Basi kuna nguo yoyote iko karibu na hiyo mashine?"

Kimya. Nikangoja. Kuku mmoja akatoka chini ya ghala, akanitazama, akarudi. Nikauliza tena kwa sauti ya chini, yenye adabu zote nilizofunzwa, na bado mama hakujibu. Na mimi nikakaa hapo kwa debe nikiwaza: huyu mama amenijibu yote, taa, feni, joto. Kama ingekuwa kitambaa cha meza, angesema kitambaa cha meza. Kama ingekuwa pazia, angesema pazia. Kuna nguo moja tu ambayo mama mkwe hawezi kuitaja kwa mkwe wake, wala mkwe kuiona, wala kuigusa, na hiyo ni leso yake ya kujifunga kiunoni.

Nikaona kila kitu mara moja, hata nikashika kichwa. Mama ameambiwa vumbi ni adui. Nyumba ya mabati, kiangazi cha Kitui, vumbi linaingia hata kwa chumvi. Atafunika na nini? Vitambaa vya kufuma ni vya televisheni na viti, tena vina matundu. Anachukua kitu kizito, kipana, safi: leso. Anaifunika mashine hata ikiwa inafanya kazi, anaikunja tu mbele kama shela ili aone skrini, na nyuma, hapo feni inapopumulia, leso inaning'inia mpaka mezani. Mkwe akija, anaitoa haraka na kuificha, kwa heshima yangu. Mimi naikuta mashine uchi, nzima kabisa, naisifu, naondoka, na naacha ujumbe gani? Achunge vumbi. Naye mama mtiifu anaongeza ya pili.

Na Syombua je? Syombua alikuwa anaiona imefunikwa kila Jumapili, ikiwa imezimwa, na akaona ni sawa, kwani ni nani Kitui hafuniki kitu chake.

Sasa nimejua, nitasemaje? Nikafikiria namna ya kuzunguka. Nikafungua mdomo nimpe paka maneno mazuri, na paka akasimama, akajinyoosha, akaona mjusi kwenye ukuta wa choo, akaruka akaenda zake.

Tukabaki wawili. Mimi, mama mkwe, na dirisha tupu.

Jua lilikuwa karibu kufika utosini. Karani wa shule angefika wakati wowote. Nilifikiria kumfuata paka, na kusema kweli niliinuka nusu. Halafu nikafikiria wale kuku waliogawiwa. Nikafikiria huyu mama ameketi huko juu ya ghorofa Nairobi, akisalimiwa kwa nyusi. Nikavua kofia, sijui kwa nini, nikaiangalia mbaazi moja kwa moja na nikasema kwa sauti:

"Mwaitu, toa hizo leso."

Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba. Hata sikumwita mama mkwe. Sikuwahi kuongea naye moja kwa moja tangu nimwoe binti yake, na maneno yangu ya kwanza kwake yakawa hayo. Na wakati huo huo, kwa njia ya nyuma, alikuwa anapita jirani, Mama Ndinda, na mzigo wa kuni. Mzigo ulianguka. Mama Ndinda hakuanguka. Mama Ndinda alikimbia.

Ndani nikasikia kitambaa kikivutwa. Halafu kingine. Halafu, naapa, cha tatu. Nikasema, kwa ukuta, apike chai moja, anywe polepole. Akapika. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini, nikasikia mashine ikiamka, na vidole vikaanza.

Sikuondoka kwa lile debe. Vidole vilienda mpaka karani akafika, akaketishwa na kupewa uji, vikaendelea, halafu printa ikaanza kulia ile sauti yake ya kukereza, karatasi baada ya karatasi, na mimi nilikuwa nalia kidogo hapo nje, msimwambie mtu. Karani aliondoka na mtihani wote mkononi.

Jumamosi Kyalo alikuja na pickup. Alimkuta mamake anapiga programu ya mazishi, hana hata wakati wa kumwangalia. Akala muthokoi, akakaa kidogo, akaambiwa aende akarudishe kuku kutoka kwa majirani, na jioni pickup ikarudi Nairobi ikiwa imebeba maboga.

Mngedhani nilipewa shukrani. Mama Ndinda alikuwa ameshafika sokoni kabla vumbi la mzigo wake wa kuni halijatulia. Wazee wa upande wa bibi yangu walikutana, wakiongozwa na baba yake mdogo, Mzee Mutisya, ambaye hajawahi kuona kosa akakosa kuona mbuzi ndani yake. Syombua aliwaeleza kila kitu kuhusu feni na joto. Walielewa vizuri. Mzee Mutisya alisema, "Tumesikia ilikuwa juu ya kompyuta. Ingekuwa hata juu ya mlima. Ni leso ya mama mkwe, na mkwe ameitaja kwa mdomo wake."

Nikaletewa barua ya kuitwa. Niliifungua nikiwa kibandani, wateja wananichungulia. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri ajabu, mistari imenyooka, pambizo sawa, hakuna herufi iliyorukwa, na ilikuwa ndefu. Kosa langu lilikuwa limeelezwa kwa adabu bila kuitaja leso hata mara moja, likafuatwa na majina ya wazee wote, na adhabu, ambayo ilikuwa mbuzi dume asiye na kilema. Niliisoma kutoka juu hadi chini, kurasa mbili nzima, hakuna mahali palipokatika. Aliyeipiga alikuwa amejua kwamba mimi ndiye nitakayeona hilo.

Mstari wa mwisho ulisema: "Mbuzi huyo aletwe nyumbani kwangu, na akichelewa si neno, mimi nipo, sihami."